Waridi la Jangwani Lipandwe kwa Mbegu, Lisichimbwe Porini

Wakulima wengi katika skimu za nchi ya joto waujua mmea mmoja wa ajabu unaoota penye mawe na mchanga, mahali ambapo hata mtama hauwezi kusimama. Shina lake limevimba chini kama mtungi, matawi yake ni mafupi na manene, na wakati wa kiangazi, majani yote yakiisha kuanguka, hutoa maua ya rangi ya waridi yanayoonekana tangu mbali. Watu wa bustani huuita waridi la jangwani. Siku hizi watu wa mijini waupenda sana, nao huuweka mbele ya nyumba, mahotelini na penye milango ya ofisi.

Nataka kutoa shauri moja juu ya mmea huu. Mkulima anayeutaka, iwe ni kwa kupamba boma lake au kwa kuuza, na auoteshe mwenyewe kwa mbegu. Asiende porini na jembe kuung'oa. Najua wako watakaonipinga, maana kuchimba ni kazi ya saa moja na kuotesha ni kazi ya miaka. Basi nitaeleza sababu zangu, kisha nitaeleza namna ya kuutunza, ili mtu asiseme ya kwamba nimekataza jambo bila kuonyesha njia nyingine.

MMEA WENYEWE

Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Neno la kwanza limetokana na jina la Adeni, bandari ya Yemeni, na la pili maana yake ni nene. Mtaalamu aliyeuandika kwanza katika vitabu vya Ulaya alikuwa Pehr Forsskål, mtu wa Uswidi aliyekwenda Uarabuni katika safari iliyotumwa na mfalme wa Denmark. Alifia huko Yemeni mwaka 1763, na kitabu chake cha mimea kikachapwa baada ya kufa kwake, mwaka 1775.

Lakini mmea wenyewe si wa Uarabuni peke yake. Huota katika nchi kavu za Afrika tangu Senegal hadi Somalia, Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari huonekana Yemeni na Omani. Hapa kwetu huota Turkana, Samburu, Baringo, Kajiado, Tsavo na katika nyika iliyo nyuma ya pwani. Kwa hiyo huu ni mmea wetu hasa, wala hatukuletewa na mgeni.

Tena, ingawa waitwa waridi, hauna udugu na waridi wa kweli. Ndugu zake ni oleanda, ule mti wa maua unaopandwa mijini, na msunguti, ambao wawindaji wa zamani walitengenezea sumu ya mishale. Jambo hili la udugu msomaji alikumbuke, maana nitalirudia hapo mbele.

Lile shina nene ni ghala ya maji. Mvua ikinyesha, mmea hunywa na kuvimba. Kiangazi kikija, huangusha majani ili maji yasipotee, nao huishi kwa akiba yake. Mtu akilielewa jambo hili moja tu, ameelewa nusu ya kazi ya kuutunza.

KWA NINI TUSIUCHIMBE

Sababu ya kwanza ni kwamba mmea uliochimbwa porini mara nyingi haufiki mbali. Mizizi yake imejikaza katikati ya mawe, wala haiwezi kutoka mizima. Mchimbaji huikata kwa jembe au panga, na kila jeraha ni mlango wa kuoza. Lakini kwa kuwa shina lina maji yake ndani, mmea haufi siku ile. Hukaa miezi kadhaa ukionekana mzima, na pengine hutoa hata maua. Mnunuzi hufurahi na kulipa. Kisha siku moja shina hulegea, likibonyezwa kwa kidole hutoa maji yanayonuka, na mmea huanguka. Mnunuzi hajui ya kuwa aliuziwa maiti. Hudhani yeye ndiye hakujua kuutunza, naye hurudi kutafuta mwingine, na mchimbaji huenda tena porini. Biashara ya namna hii humwibia mnunuzi na pori pia.

Sababu ya pili ni kwamba wachimbaji huchagua mimea mikubwa na mizee, yenye shina nene kuliko yote. Lakini mizee ndiyo inayotoa mbegu nyingi. Katika mawe makavu mmea huu hukua polepole sana, na shina nene kama ndoo ni kazi ya miaka mingi. Akina mama wa mbegu wakiisha kuondolewa mlimani, watoto watatoka wapi? Wazee wetu walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Mchimbaji wa leo huona mlima umejaa, naye hudhani hauwezi kwisha. Aende awaulize wafugaji juu ya miti mingi ya dawa ambayo zamani ilikuwa karibu na boma, na leo ni safari ya siku nzima kuifikia.

Sababu ya tatu ni haki. Ardhi yote ina mwenyewe. Pengine ni shamba la jirani, pengine ni ardhi ya jumuiya, ambayo ina ulinzi wa sheria ya mwaka 2016. Kuchukua mmea hapo bila ruhusa ni wizi, hata ikiwa hakuna ua wala bawabu. Na ndani ya mbuga za taifa ni kosa kuondoa mmea wowote.

Wengine watauliza, je, ikiwa mmea umo katika shamba langu mwenyewe? Hapo nakubali kwamba mwenye shamba ana neno. Lakini tukumbuke mambo ya Kilifi mwaka 2022, mibuyu mikubwa ya miaka mingi ilipong'olewa katika mashamba ya watu ili ipelekwe kwa meli hadi nchi ya Georgia. Wenye mashamba walilipwa, na yako maboma ambayo yalikuwa na haja ya fedha zile. Hata hivyo kelele zilitokea nchini kote, na Rais akaamuru jambo lile lichunguzwe. Waridi la jangwani ni dogo, laingia katika gunia, kwa hiyo hakuna anayepiga kelele. Lakini hesabu ni ile ile. Mtu aliyeuza mbuyu amelipwa mara moja, na mti hautarudi katika maisha yake wala ya watoto wake. Mtu aliye na waridi la jangwani shambani mwake na akaliacha palepale, akavuna mbegu kila mara linapozaa, ana mtaji unaokaa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako wanaosema, maua hayaliwi, na mkulima wa skimu ana mkopo wa kulipa na watoto wa kusomesha. Maneno hayo ni kweli. Mimi simshauri mtu yeyote ang'oe mahindi au apunguze malisho ya ng'ombe kwa ajili ya ua. Lakini mmea huu hauombi shamba. Huishi katika debe kuukuu, katika karai lililotoboka, au katika mtungi uliovunjika mdomo. Hukaa penye ukuta mahali ambapo hakuna kinachopandwa. Maji yake ni yale yanayobaki baada ya kusuuza mboga. Kama mkulima ana nafasi ya kuku watano, ana nafasi ya miche hamsini.

Wengine husema, kuotesha mbegu ni kungoja muda mrefu mno. Nao wasichukulie kwamba ni muda kama wa mnazi. Katika nchi ya joto, mche uliotunzwa vizuri huweza kutoa maua ya kwanza kati ya mwaka mmoja na miwili, ijapokuwa shina lake bado ni dogo. Sisi tunaongoja kahawa miaka mitatu au minne bila kulalamika, twawezaje kushindwa na jambo hili?

KUPATA MBEGU NA KUZIOTESHA

Matunda ya mmea huu hutoka mawili mawili, yameshikana kama pembe za ng'ombe. Yakikomaa hupasuka yenyewe, na mbegu hutoka zikiwa na manyoya ya hariri katika ncha zote mbili. Upepo mdogo tu huzipeleka zote. Kwa hiyo, pembe zikianza kubadilika rangi, zifunge kwa uzi, au uzivike kipande cha chandarua cha zamani, ili zikipasuka mbegu zibaki humo.

Kama huna mmea mzazi, omba mbegu kwa jirani, au shule, au kanisa, au mtu wa bustani aliye na mmea uliokwisha kuzaa. Tunda moja lina mbegu za kutosha watu kadhaa. Zipande zikiwa mpya, maana mbegu iliyokaa sana hupoteza nguvu.

Udongo ndio jambo kubwa. Usitumie udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoshikamana na jembe. Changanya sehemu mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, sehemu moja ya udongo mwepesi wa shambani, na sehemu moja ya makaa yaliyopondwa au changarawe ndogo. Wakulima walio karibu na Naivasha na Longonot waweza kutumia yale mawe mepesi ya volkeno yanayoelea juu ya maji, nayo ni mazuri sana kwa kazi hii. Samadi iwe kidogo tu, tena iliyooza kabisa. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Mchanga wa pwani una chumvi, kwa hiyo usiutumie.

Chukua chombo kipana, utoboe chini mashimo mengi. Laza mbegu juu ya udongo kama vijiti vilivyolala, usizisimamishe, kisha uzifunike kwa mchanga mwembamba wa nusu sentimita. Nyunyiza maji taratibu. Weka chombo mahali penye joto na mwanga, lakini si katika jua kali la mchana. Mbegu nzuri huanza kuota katika muda wa wiki moja hivi. Miche midogo haina akiba ya maji kama wazazi wake, kwa hiyo usiiache ikauke kabisa katika majuma ya kwanza. Ikipata majani sita hivi, ihamishe kila mmoja katika chombo chake.

Watu wengine hukata tawi na kulipanda. Tawi huweza kuota, lakini mara nyingi halifanyi lile shina lililovimba vizuri, nalo ndilo linalopendwa na watu. Mche wa mbegu huvimba tangu utoto wake. Hii ni sababu nyingine ya kupanda mbegu.

MAJI, JUA NA BARIDI

Mimea mingi ya aina hii inayofia majumbani hufa kwa kunyweshwa mno. Mama wa nyumba huona majani yameanguka, humwonea mmea huruma, naye huongeza maji. Kumbe mmea umelala tu, na mizizi yake iliyolala haiwezi kunywa. Maji hukaa, na kuoza huanza.

Kanuni ni hii. Wakati mmea una majani na jua ni kali, mwagilia hadi maji yatokee kwenye mashimo ya chini, kisha ungoje mpaka udongo ukauke ndipo umwagilie tena. Tia kidole ndani ya udongo upate kujua. Wakati wa baridi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, au majani yakianguka yenyewe, punguza maji sana. Chombo kisichokuwa na mashimo ni kaburi, hata kikiwa cha fedha nyingi. Na masika ikiwa nzito, kisogeze chombo chini ya upenu.

Jua upe la kutosha, saa sita kwa siku au zaidi. Mmea uliowekwa ndani ya chumba chenye giza hurefuka na kudhoofika, wala hautoi maua.

Kuhusu baridi, yafaa niseme waziwazi. Mmea huu ni wa nchi ya joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi kumi za Selsiasi huumia, na sakitu huuua. Wakulima wa Marigat, Mwea, Bura, Hola, Magarini na Mpeketoni hawana taabu. Lakini ndugu zetu wa Kinangop na Ol Kalou wasiupande nje. Wakiutaka sana, wauweke katika dirisha lenye jua na kuunyima maji miezi ya baridi. Shauri langu kwao ni kwamba wapande mishubiri, ambayo iko ya aina nyingi Kenya na mingine huvumilia baridi ya juu, nayo hutoa maua mazuri yanayopendwa na nyuki na ndege. Lakini hata hiyo isichimbwe porini. Mwaka 1986 Rais Moi alikataza kuvuna mishubiri ya porini kwa biashara, akaelekeza ivunwe ile iliyopandwa. Jambo ninalolisema juu ya waridi la jangwani si geni basi. Serikali ililiona zamani juu ya mshubiri.

KUPANDISHA SHINA, KUPOGOA NA MAGONJWA

Kila mwaka mmoja au miwili, kabla ya mvua, toa mmea katika chombo chake, kung'uta udongo wa zamani, kisha upande tena katika chombo kikubwa kidogo. Unapoupanda, uinue juu sentimita mbili au tatu kuliko ulivyokuwa. Hivyo sehemu ya mizizi iliyovimba itaonekana juu ya udongo, na mwaka baada ya mwaka mmea utapata umbo la mzee wa mlimani. Usimwagilie siku chache za kwanza, mpaka majeraha ya mizizi yakauke.

Maua hutoka kwenye ncha za matawi. Kwa hiyo mmea wenye matawi mengi hutoa maua mengi. Baridi ikiisha, kata ncha kwa kisu kikali na safi, nao utachipua matawi mawili au matatu pale ulipokatwa.

Wadudu hawakosi. Vidukari na wale wadudu weupe kama pamba, wasugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Yuko tena kiwavi mkubwa wa kijani, mtoto wa nondo wa oleanda, ambaye kwa siku mbili tu humaliza majani yote. Huyu mwokote kwa mkono na kumwua. Hakuna haja ya kununua dawa.

Shina likianza kulegea, usilione jambo dogo. Chukua kisu, kata sehemu iliyooza yote mpaka ufike penye nyama safi, upake majivu au unga wa makaa, kisha uuache mmea kivulini siku kadhaa bila udongo na bila maji hata jeraha likauke. Mara nyingi utapona. Ukichelewa wiki moja, umepotea.

SUMU

Sasa narudi kwenye ule udugu na msunguti. Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu inayopiga moyo. Wahadza wa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, huutumia katika sumu ya mishale yao. Mmea unaoweza kuangusha mnyama wa porini hauwezi kuwa kitu cha mchezo kwa mtoto.

Wauzaji wengi hawasemi neno hili, kwa kuogopa kwamba mnunuzi atakimbia. Mimi naona ni makosa makubwa. Mnunuzi ana haki ya kujua anachopeleka nyumbani. Oleanda nayo ni sumu, nayo imejaa mijini, na watu huishi nayo kwa sababu wamejua kutoichezea. Kwa hiyo yashikeni haya:

Weka mmea juu, penye ukuta au jukwaa, mahali ambapo mtoto anayetambaa, mbuzi na ndama hawafiki. Matawi uliyokata usiyatupe zizini wala katika lishe ya ng'ombe. Yafukie shimoni. Usiyatie motoni ya kupikia, wala usifanye vijiti vya kuchomea nyama. Unapopogoa, vaa mifuko ya nailoni au glavu mikononi, na baadaye nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au macho. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda zahanati. Mtoto akila jani au ua, mpeleke hospitali mara hiyo hiyo, ukichukua kipande cha mmea ili daktari auone. Usingoje kubahatisha dawa nyumbani.

Wafugaji wengine hapa Kenya wametumia unga wa shina lake kuua wadudu wa ngozi ya ngamia na ng'ombe. Huo ni ujuzi wa watu walioujua mmea huu toka vizazi. Mtu aliyeuona juzi asijaribu kwa kukisia kipimo. Mwone afisa wa mifugo.

FAIDA IKO WAPI

Mtu akizunguka duniani leo, ataona waridi la jangwani kwa wingi Taiwan, Thailand, India na Indonesia. Watu wa huko walichukua mbegu, wakachagua, wakaunganisha aina na aina, wakapata maua mekundu, meupe, ya zambarau na yenye petali nyingi kama waridi wa kweli. Mbegu na miche yao huuzwa nchi nyingi. Huko Indonesia watu huuita kwa jina ambalo maana yake ni kamboja wa Kijapani, ijapokuwa haukutoka Kamboja wala Japani. Mtoto wa Afrika amekwenda ugenini, amepata mali na jina jipya, na sisi wenyewe twaendelea kumng'oa kwa jembe na kumwuza katika gunia kando ya barabara.

Watu wale hawakutajirika kwa kuchimba milima ya Afrika kila mwaka. Walitajirika kwa kitalu. Mbegu, mchanga, kisu kikali na subira ndivyo vyombo vyao, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mkulima wa skimu hawezi kupata.

Simwahidi mtu utajiri. Soko la maua hupanda na kushuka, na mche mdogo hauuzwi bei ya mmea mzee. Lakini kikundi cha akina mama kinachoanza na mbegu mia mwaka huu, na kuongeza mia kila mwaka, baada ya miaka mitano kitakuwa na mimea ya umri mbalimbali, ya bei mbalimbali, na kila mmoja mizizi yake ni mizima. Mnunuzi akirudi baada ya mwaka atasema, ule mliouniuzia unaishi, nipeni mwingine. Sifa hiyo mchimbaji wa porini hawezi kuipata hata siku moja. Na anayetaka kupeleka nchi za nje, aanze kwa kuuliza ofisi ya KEPHIS, maana mmea hausafirishwi nje ya nchi bila kukaguliwa na kupewa cheti cha afya.

Yafaa vyama vyetu vijiwekee kanuni mbili. Ya kwanza, pasiuzwe katika soko la skimu mmea wowote ambao mwuzaji hawezi kuonyesha ulikoota. Ya pili, kila mmea uuzwe pamoja na onyo la sumu, kwa mdomo au kwa kipande cha karatasi. Hakuna haja ya kungoja askari aje kutulazimisha. Jambo hili laweza kukatwa barazani siku moja, na wazee wa soko wakalisimamia.

Msimu ujao, matunda ya pembe mbili yatakapokomaa, aliye na mmea mzazi na afunge uzi, avune, na ampe jirani yake mbegu kumi. Mimea iliyo mlimani na iachwe mlimani, iendelee kutuzalia mbegu.